Lockdown ya Sydney: Nilimsaidia mdogo wangu kujifunza Kijerumani, akajifunza kunikatalia

Wakuu, habari za mapumziko.

Shemeji yenu yuko shift, nyumba imetulia, chai ipo mezani. Nimeona leo niliandike hili jambo kabla sijaanza kulisahau. Ni langu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga, maana ndipo penye utamu.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni wa Muheza, Tanga, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa kidato cha pili. Nikaweka madaftari juu ya kabati nikaenda kuziba pancha. Nadhani yale madaftari bado yako pale.

Wanasema neno "shule" tuliachiwa na Wajerumani. Kwa hiyo mtu anaweza kusema mimi na Kijerumani tulikosana mapema.

Wadogo zangu wawili wa katikati walishajitegemea, mmoja fundi seremala, mwingine ana machungwa yake. Aliyebaki mikononi mwangu ni wa mwisho, Saumu. Mama alipokufa Saumu alikuwa bado ananyonya kidole. Nimembeba mgongoni, nimemsuka nywele vibaya, nimekwenda vikao vya wazazi nikiwa na ndevu tatu kidevuni.

Mama alifia kwenye benchi la zahanati akisubiri kuhudumiwa. Siku ile niliapa kwamba mmoja wetu lazima atavaa nguo nyeupe. Mimi niliishia kwenye grisi, wale wawili wa katikati hawakupenda vitabu. Kiapo kikamwangukia Saumu.

Sikumuuliza. Kwani mtoto anaulizwa?

Huku Australia nilikuja kwa mgongo wa shemeji yenu, yeye ni nesi. Mimi naendesha forklift kwenye ghala moja upande huu wa magharibi. Tunakaa Rooty Hill. Naingia kazini alfajiri, saa tisa alasiri nimerudi.

Sasa twende kwenye mambo.

Saumu alikuwa Dar anasoma Kijerumani. Alishapata nafasi ya kwenda kusomea unesi Ujerumani, hospitali ya mji mdogo, wanakusomesha huku wanakulipa. Sharti moja: alete cheti cha lugha kiwango cha B1. Kusoma alifaulu, kusikiliza alifaulu, kuandika alifaulu. Kuongea akaanguka.

Na nafasi ilikuwa haisubiri. Akianguka tena anapewa mwingine.

Akanipigia analia. "Kaka, mimi nadhani niache tu. Nirudi Muheza."

Nikamwambia, "Huachi. Kaka yako atajifunza na wewe."

Nilisema vile kwa hasira, wakuu. Nilikuwa sijui hata kuhesabu mpaka tatu kwa Kijerumani.

Ila nilikuwa na jirani.

Upande wa pili wa uzio wetu wa bati anakaa mama mmoja wa Kijerumani, mjane, umri wa bibi yangu, kaja nchi hii akiwa msichana. Sisi tunamwita Bi Inge. Kabla ya korona alikuwa anafundisha Kijerumani bure maktaba, anataka mataifa yajuane. Mtaa wetu wote alishatugawia vikaratasi vya "Jifunze Kijerumani". Mpunjabi wa kona kapewa, familia ya Wasamoa wamepewa, hata fundi bomba aliyekuja kuzibua choo cha watu aliondoka nacho.

Lockdown ilipoanza maktaba ikafungwa. Mwalimu asiye na wanafunzi ni mtu wa kuogopwa, wakuu. Anakuwinda.

Tulikuwa haturuhusiwi kutembeleana. Helikopta ya polisi inapita juu, kwenda mbali na nyumbani mwiko. Kwa hiyo maisha yote ya ujirani yakahamia kwenye uzio. Yeye anapanda ngazi yake ndogo upande wake, mimi nasimama juu ya kreti la maziwa upande wangu, barakoa usoni. Tunaongea Kiingereza, hapa naandika Kiswahili.

Siku ya kwanza kabisa aliniletea keki ya apple. Inatoa moshi. Harufu imenifikia tangu akiwa mlangoni.

"Unataka keki?"

Nikasema kama mtu aliyelelewa: "Aah, hapana, asante, usijisumbue."

"Sawa," akasema. Akashuka ngazi, akaingia ndani nayo.

Wakuu, nilibaki nimeshika uzio kama mfungwa.

Shemeji yenu alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa ulitegemea nini?"

"Nilitegemea aniambie 'chukua bwana'! Mara mbili tu! Ningechukua!"

Kesho yake nikaona nisiharibu ujirani. Nikamwambia, "Bi Inge, siku moja karibu kwetu ule chakula cha Tanga."

Akatoa kijitabu cha tarehe mfukoni mwa aproni. "Siku gani?"

Nikababaika. Ile kwetu ni salamu tu, mnajua. "Siku... lockdown ikiisha."

"Inaisha lini?"

"Hakuna anayejua."

"Basi naandika kwa penseli," akasema, na kweli akaandika.

Huyo ndiye mwalimu niliyempata.

Nilipomweleza habari za Saumu macho yake yakawaka kama nimempa zawadi. Tukapanga: saa kumi jioni huku, ambayo ni saa tatu asubuhi Dar, tunakutana kwenye video. Saumu simu yake, Bi Inge kompyuta yake, mimi sebuleni na simu yangu nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai. Malipo yake alitaka kitu kimoja: tumfundishe Kiswahili na adabu zake. "Kubadilishana," akasema. "Sitaki msaada wa upande mmoja."

Sasa sikilizeni huo mtihani wa kuongea ulivyo, maana hadithi yote imekaa hapo.

Mnaingia watahiniwa wawili. Mnapewa kadi. Kwa mfano: mwenzenu kazini anaondoka, pangeni sherehe ya kumuaga. Siku gani, wapi, zawadi gani, chakula gani. Mmoja anapendekeza, mwingine anatakiwa apinge kidogo, atoe sababu, alete wazo lake, mwishowe mkubaliane. Ukikubali tu kila kitu hupati alama. Wanaona huna unachosema.

Mimi nikawa mtahiniwa wa pili. Kijerumani changu kilikuwa cha kubandika, sentensi kumi Bi Inge kaniandikia kwenye karatasi nimeigundisha ukutani.

Tukaanza.

"Shikamoo kaka," anasema Saumu.

"Marahaba."

"Nini hiyo?" Bi Inge anauliza.

Nikamweleza, ni heshima, zamani ilikuwa kama kusema nashika miguu yako.

Bi Inge akavua miwani. "Yaani ameanza mtihani kwa kukushika miguu. Atakupinga vipi akiwa huko chini?"

Nikaona ni maneno ya Kizungu tu. Nikasoma ukutani: sherehe tufanye Jumamosi.

"Ja," anasema Saumu, yaani ndiyo, "wazo zuri."

Zawadi tununue kitabu.

"Ja, wazo zuri."

Chakula kiwe viazi.

"Ja, wazo zuri sana."

Bi Inge akasema, "Saumu, huyo si malaika. Mpinge."

"Ndiyo, Bi Inge," akasema Saumu. Hapo hapo kakubali tena.

Siku ya pili Bi Inge akabadilisha mbinu. Akaniandikia mapendekezo ya kijinga kwa makusudi, ili mtu yeyote mwenye akili apinge. Nikasoma: sherehe tuifanye saa kumi na moja alfajiri.

"Ja, wazo zuri, kuna baridi nzuri."

Zawadi tumpe mbuzi. Anakaa ghorofa ya nne.

"Ja. Mbuzi ni mnyama mzuri."

Tufanyie makaburini.

Akasita. Nikaona midomo inacheza. Bi Inge kasogelea kompyuta mpaka tunaona pua tu.

"Ja," akasema Saumu kwa sauti ndogo, "makaburini kuna utulivu."

Bi Inge akafunga kamera. Baadaye nikamsikia upande wa pili wa uzio anaongea peke yake na mimea yake.

Tulikwenda hivyo wiki tatu. Kijerumani changu kilikua kuliko cha Saumu. Kazini nilikuwa nahesabu pallet kwa Kijerumani, Wakongo ninaofanya nao kazi wakaanza kuniita Herr Tanga, yaani Bwana Tanga. Saumu sarufi yake safi, matamshi safi, mezani hana hapana hata moja.

Mimi nikaanza kukasirika. "Wewe Saumu! Nimesema unipinge!"

"Ndiyo, kaka."

"Usiseme ndiyo!"

"Sawa, kaka."

Shemeji yenu alikuwa anapiga pasi pembeni. Hakunyanyua kichwa. "Hivi lini umewahi kupokea hapana ya huyo mtoto?"

"Nimeipokea mara nyingi."

"Nitajie moja."

Wakuu, nilikuna kichwa mpaka pasi ikamaliza sare mbili. Sikuipata.

Wakati huo huo Bi Inge naye alikuwa anapiga hatua kwenye Kiswahili. Alishaandika kwenye kijitabu chake kanuni tuliyomfundisha: hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni aibu, ya tatu ndiyo uamuzi.

Alhamisi moja nimefunga sunna. Saa tisa na nusu hivi nimetoka kazini, njaa imenishika kwelikweli, namwona anapanda ngazi na sahani. Keki ya apple.

"Karibu keki!" kwa Kiswahili kabisa.

"Hapana, asante Bi Inge. Nimefunga leo."

Akatabasamu. "Hapana ya kwanza."

"Hapana, kweli. Mpaka magharibi."

"Ya pili." Sahani imeshavuka uzio.

"Bi Inge, wallahi sili!"

"Chukua bwana!" akasema, na kuniwekea kipande mkononi.

Nimesimama juu ya kreti, keki mkononi, siwezi kula, siwezi kutupa, na mwenye kuipika ananitazama kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Nikamweleza upya, polepole, mpaka akaelewa.

Hakucheka. Akaniuliza, "Sasa unajisikiaje, ukisema hapana na hakuna anayesikia?"

Nikaingia ndani na ile keki. Nilifuturu nayo. Ilikuwa tamu, lakini lile swali lilikaa kooni.

Hata hivyo bado sikuwa nimeelewa. Mimi ni mzito, nawaambia.

Kesho yake, Ijumaa, kikao kama kawaida. Bi Inge akasema leo kadi ni mpya. Akaisoma taratibu ili hata mimi nielewe:

Rafiki yenu Anna anatafuta kazi ya kusomea. Kaka yake anataka awe nesi. Shaurianeni.

Kadi rahisi! Maneno yote nayajua. Nikakohoa, nikasema kwa Kijerumani changu: Anna lazima awe nesi. Kazi nzuri. Kaka yake ana akili.



Nikadhani mtandao umekatika. Picha ya Saumu imeganda, halafu nikaona kope zinapepesa.

"Nein," akasema.

Wakuu! Niliruka! Nilipiga meza, kopo la majani ya chai likaanguka, simu ikaanguka. "Amesema! Amesema nein!" Nikamwita shemeji yenu atoke jikoni mbio. "Njoo usikie! Endelea mama, endelea, toa sababu!"

Akaendelea. Na alipoanza hakusimama. Anna hawezi kuwa nesi kwa sababu Anna akiona damu anazimia. Anna tangu mdogo, siku ya kuchinja, anajificha kwa jirani. Kaka yake anadhani ni mvivu. Anna anapenda kuoka. Anna anaamka mapema bila kuamshwa akijua kuna unga wa kuumua. Kuna duka la mikate, mji mdogo, mwenye duka amemwandikia Anna barua, amesema njoo ujifunze kwangu, leta cheti cha lugha.

"Sehr gut! Vizuri sana!" napiga makofi. "Sehr gut! Umeona mke wangu? Sababu nne! Mfululizo!"

Shemeji yenu hakupiga makofi. Alikuwa na kitambaa cha vyombo mkononi, ananiangalia vile anavyomwangalia mgonjwa ambaye bado hajaambiwa.

"Mume wangu," akasema. "Anna ni nani?"





Idi zote zikanipita kichwani. Nachinja, naita Saumu alete maji, Saumu hayupo. Nyama ikishaingia sufuriani ndipo anatokea. Na ile mikate ya kumimina aliyokuwa anawapikia majirani, nami nikimfokea, "Mikate itakupeleka wapi? Shika kitabu!"

Nikamtazama Bi Inge kwenye kioo. Ameangalia kando, anapanga kalamu ambazo zilikuwa tayari zimepangika.

Nikamwambia Saumu kwa Kiswahili, "Kumbe mmeandikiana na huyo mwokaji?"

"Wiki mbili sasa, kaka. Bi Inge alinisahihishia barua."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Kwa Kiswahili ilikuwa haitoki." Akafuta pua kwa upindo wa kanga. "Kwa Kijerumani wewe si kaka. Wewe ni mtahiniwa wa pili."

Sikumfokea. Nilizima simu. Hilo naliona aibu mpaka leo.

Siku mbili sikwenda kwenye uzio. Bi Inge hakuniita. Aliweka tu kipande cha keki juu ya bati, amekifunika, na kikaratasi: "Si lazima."

Jumatatu nikampigia Saumu mwenyewe, bila mwalimu. Nikamwambia yaliyokuwa moyoni. Nikamkumbusha mama, benchi, na kile kiapo.

"Mimi simkumbuki mama, kaka," akasema. "Nakukumbuka wewe."

Nikajaribu mara ya mwisho, maana mimi ni mimi. Nikamwambia, fikiria tena unesi, nafasi ipo mkononi, hospitali haifi njaa.

"Hapana, kaka."

Kwa Kiswahili. Safi kabisa. Sauti inatetemeka lakini neno limesimama.

Nami mkono wangu mmoja ulikuwa unataka kupiga meza kwa furaha na mwingine unataka kupiga meza kwa hasira. Nikaacha yote miwili mapajani.

Halafu akasema, "Ila nguo nyeupe nitavaa. Waokaji nao wanavaa nyeupe."

Wakuu, hapo nilimwambia mtandao unasumbua, nampigia baadaye. Mtandao ulikuwa mzima.

Basi. Nafasi ya hospitali tukaiandikia barua ya shukrani, wakampa mwingine. Saumu akarudia mtihani wa kuongea. Kadi yao ilikuwa kupanga safari ya wanafunzi. Mwenzake, kijana mmoja wa Moshi, kapendekeza waende ziwani, kakataliwa. Kapendekeza basi, kakataliwa, treni ni bora kwa sababu hizi na hizi. Kapendekeza wabebe mikate ya dukani. Alivyonisimulia Saumu, hapo ndipo msimamizi alipolazimika kusema muda umekwisha.

Alifaulu. Yule wa Moshi pia alifaulu, msimwonee huruma.

Lockdown nayo ikaisha. Asubuhi ile ile Bi Inge alikuja kwenye uzio na kijitabu, akafuta penseli, akaandika tarehe. Jumamosi, saa saba mchana. Saa saba kamili alikuwa mlangoni. Shemeji yenu bado ana kanga kifuani na samaki wa nazi hajakolea. Tulimkaribisha hivyo hivyo. Alipokula sahani ya pili nikamwambia aongeze, akasema hapana.

Nikamwacha.

Akanitazama, akacheka, akaongeza mwenyewe.

Saumu yuko Ujerumani sasa. Anaamka wakati wenzake wamelala, ananitumia picha za mikate yenye majina marefu kuliko treni ya Blacktown, yeye katikati, kofia nyeupe, aproni nyeupe, unga mpaka kwenye nyusi. Picha moja tumeitundika pale palipokuwa na karatasi yangu ya sentensi kumi.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Nilidhani lugha ya watu inakupa maneno yao. Inakupa pia kiti cha kukaa mbali kidogo na kwenu, ukaona kwenu vizuri. Heshima yetu siiachi, shikamoo naipokea kila siku. Lakini sisi tuliolea wadogo zetu, tusihesabu kila ndiyo kuwa kukubali. Mtoto uliyembeba anaweza kukuitikia mpaka makaburini.

Juzi nimempigia. Nikamwambia nimepata likizo, Desemba tunakuja kukuona.

"Hapana, kaka. Desemba mikate ni mingi, sitakuwa na muda na nyie. Njooni Februari."

"Februari kuna baridi kali!"

"Mtavaa."

Nikachukua kalenda ukutani. Nikaandika Februari. Kwa kalamu ya wino.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye mdogo wake anayeitikia kila kitu aje tushauriane, na aliyejifunza lugha ya watu ukubwani atuambie ilimfungua au ilimfunga. Anayetaka kunipinga naye apinge tu, siku hizi nina mazoezi.